Sura ya Nne: Mali Iko Juu, Bahari Iko Chini

Mwalimu yeyote aliyewahi kutundika ramani ya Afrika ukutani ameulizwa swali hili. Huja kwa maneno mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja: kama tuna dhahabu, almasi, shaba, kobalti, gesi na mito mikubwa kiasi hiki, mbona hali zetu ndizo hizi?

Wazee barazani hulijibu kwa kumtaja mkoloni. Vijana hulijibu kwa kuwataja viongozi. Majibu hayo yote mawili yana ukweli mwingi, na vimeandikwa vitabu juu yake. Sura hii inaleta jibu la tatu ambalo husahaulika, nalo ni umbile la ardhi yenyewe: jinsi ilivyoinuka, ilivyopasuka na ilivyopangika kutoka pwani hadi bara.

Hoja yangu ni hii. Ardhi yetu iliinuliwa juu, na kwa mamilioni ya miaka mvua na upepo vikaikwangua hadi miamba yenye madini ikawa karibu na uso. Kuinuka huko huko kukaikata mito kwa maporomoko na kuiweka mali mbali na bandari. Asiyeliona hilo anaweza kubishana juu ya mikataba ya madini maisha yake yote bila kugusa gharama kubwa kuliko nyingi, yaani njia ya kuitoa mali hiyo na nguvu ya kuisindika.

Mlima usioteremkwa upande wa pili

Panda basi alfajiri pale Mbezi, Dar es Salaam, ukielekea Mbeya. Utapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, hadi Ruaha Mbuyuni ambako joto ni kali na vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Mbele kidogo unaanza Mlima Kitonga. Dereva anashusha gia, injini inaunguruma, upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo. Malori ya mizigo yanapanda taratibu mno, na yale yanayoshuka yanashuka kwa hadhari, breki zikinuka.

Ukifika juu, subiri mteremko wa upande wa pili. Hauji. Unafika Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, watu wamevaa masweta, na bado uko juu. Unavuka mpaka Tunduma, unaikata Zambia, unaingia Katanga, nchini Kongo, hadi Lubumbashi, na muda wote huo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wanauita mlima, lakini Kitonga ni ukingo. Ulichopanda ni uwanda wa juu, yaani eneo pana la nchi kavu lililoinuka kwa pamoja na kubaki na uso usio na mabonde mengi makali.

Sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini iko hivyo, kutoka nyanda za Ethiopia hadi karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Treni inayotoka Mombasa kwenda Nairobi inapanda zaidi ya mita 1,600. Afrika Kusini ukingo huo ni safu ya Drakensberg. Angola nako, ukitoka Lobito kwenda bara, unapandishwa vivyo hivyo.

Tena pwani yetu ni nyoofu. Ulaya ni ndogo kuliko Afrika kwa takriban mara tatu, lakini mwambao wake ni mrefu zaidi kwa sababu bahari inapenya ndani kwa ghuba na hori nyingi. Kwetu bahari inaishia pwani. Kati ya nchi 54 za Afrika, 16 hazina bahari kabisa.

Miamba mikongwe na kilichomo ndani yake

Aliyefika Mwanza ameyaona yale mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana kandokando ya ziwa. Hayo ni mabaki ya mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba, huita sehemu kongwe kama hii kratoni: kipande cha ganda la dunia kilichotulia tangu enzi hizo bila kukunjwa upya. Kratoni ya Tanzania inaanzia Dodoma na Singida, inapita Tabora na Shinyanga, inafika Geita na Mara. Nyingine ziko Kongo, Afrika Magharibi na Afrika Kusini. Mabara mengine nayo yanazo, ila Afrika zimechukua sehemu kubwa ya bara.

Umri huo una faida. Dhahabu ya Geita na Mara haikuumbwa pale ilipo. Maji ya moto kutoka kina kirefu yalipenya kwenye nyufa za mwamba yakiwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka. Yalipopoa yaliiacha ndani ya mishipa ya jiwe jeupe. Mchimbaji mdogo anaijua kanuni hiyo bila kuisomea. Anatafuta jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu, analiponda, anasaga unga wake, anauosha kwenye karai kwa kuuzungusha taratibu, na akiona mstari mwembamba wa njano umebaki chini anajua hapa ndipo pa kuchimba duara, yaani shimo la mgodi. Jiwe litapelekwa kwenye karasha kusagwa, kisha kwenye mialo kuoshwa, na mwishoni zebaki itatumika kuikamata dhahabu. Hapo ndipo moyo wangu huuma, kwa sababu zebaki ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi inachomwa jikoni, watoto wakiwapo.

Almasi ina safari ndefu zaidi. Huumbika zaidi ya kilomita 150 chini, mahali penye mgandamizo mkubwa chini ya kratoni, kisha hubebwa juu na mlipuko wa volkano wa aina ya pekee. Mwamba unaobaki kwenye koo la volkano hiyo huitwa kimberlaiti. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipata mwamba wa namna hiyo huko Mwadui, Shinyanga, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani inayochimbwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Afrika Kusini. Mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, mahali pasipo na mto mkubwa, ziwa wala bandari, juu kabisa ya uwanda. Ndiyo iliyoujenga mji wa Johannesburg. Baadhi ya migodi ya ukanda ule imefika kina cha karibu kilomita 4. Bila reli zilizopandishwa kutoka pwani, mashine za kufika huko zisingefika.

Mkulima hakupata bahati hiyo. Ardhi kongwe imeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, rutuba ikaondoka, ikabaki ile nyekundu yenye kutu ya chuma. Ndiyo maana watu wamesongamana kwenye udongo mchanga wa volkano, kama Uchagga, Rungwe na Rwanda, wakati maeneo mapana ya uwanda yana watu wachache.

Ardhi inapopasuka

Upande wa mashariki bara linachanika. Bonde la Ufa linaanzia Afar, Ethiopia, na kushuka hadi Msumbiji, na pande zake zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kwa kawaida huwezi kuliona hilo kwa macho. Lakini Septemba 2005, huko Afar, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita zipatazo 60 katika muda mfupi tu.

Bonde lina mikono miwili. Katikati yake limelala Ziwa Victoria, pana sana lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Mkono wa magharibi umelizaa Ziwa Tanganyika, jembamba, lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya bahari. Piga hesabu: sakafu ya ziwa hilo iko mita 700 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi.

Ufa huu una mali yake, tofauti na ile ya miamba mikongwe:

- Magadi. Kile kipande unachotia kwenye maharage au makande kinatokana na maji ya volkano yaliyoingia kwenye maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, jua likayakausha. Ziwa Magadi, Kenya, limekuwa likichimbwa kibiashara tangu mwaka 1911, na magadi yake hutumika hasa kutengenezea vioo.
- Jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, visima vinaleta juu mvuke unaozungusha mitambo. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, na sasa jotoardhi inatoa karibu nusu ya umeme wa Kenya.
- Mafuta. Yale yaliyopatikana Hoima, Uganda, mwaka 2006 yalitokana na viumbe vidogo vya ziwa la kale vilivyofunikwa na matope kwa mamilioni ya miaka.

Mafuta ya Hoima yanastahili maelezo zaidi, kwa sababu yanaonyesha kwa nini mali ya bara ni ghali. Yana nta nyingi. Katika hali ya kawaida huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Kwa hiyo bomba la kuyafikisha Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lazima lipashwe moto njia nzima. Saudia wanachimba karibu na ghuba na kupakia melini. Uganda lazima ilipie joto la kila kilomita kabla pipa moja halijaiona bahari.

Kwa ufupi hadi hapa: miamba mikongwe imetupa dhahabu, almasi na jamii zake. Ufa umetupa joto, magadi, mafuta na maziwa. Zote mbili ziko zaidi ndani ya bara, na juu.

Mito inayokwama karibu na mlango

Mabara mengine yalifunguliwa na mito. Meli hupanda Amazon hadi ndani kabisa ya Amerika ya Kusini. Kwetu mto unatembea kwa utulivu juu ya uwanda, na unapofika ukingoni unaanguka.

Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, na unavuka ikweta mara mbili. Kwa kuwa mvua za kaskazini na za kusini ya ikweta huja kwa zamu, daima kuna upande unaoulisha, na maji yake hayapungui sana mwaka mzima. Meli ya baharini inaingia hadi Matadi, kilomita zipatazo 150 kutoka mdomoni, na hapo inakomea. Mbele kuna kilomita 350 za maporomoko hadi Kinshasa. Reli ya kuyakwepa ilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1898, na ilijengwa kwa jasho na roho za Waafrika wengi mno.

Kutoka Kinshasa mto umefunguka tena kwa kilomita kama 1,700 hadi Kisangani, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni pamoja na Kilingala. Hapo unakutana na maporomoko mengine, ya Boyoma. Wavuvi wa Kigenia wamesimika magogo makubwa katikati ya maji yanayochemka kwa kasi na kuning'iniza mitego ya kusuka yenye umbo la faneli, samaki wakisukumwa ndani na nguvu ya maji. Ustadi huo ni wa ajabu. Lakini kwa mfanyabiashara wa mchele, maporomoko yale ni kupakua, kupakia kwenye treni hadi Ubundu, na kupakua tena.

Zambezi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1858 David Livingstone alipanda mto huo kwa meli ya mvuke akitumaini kuufanya barabara ya biashara. Alizuiwa na maporomoko ya Kebrabasa. Leo pale limejengwa bwawa la Cahora Bassa, na huo ndio upande wa pili wa habari hii: pale meli inaposhindwa, umeme unapatikana.

Karibu na mdomo wa Kongo, huko Inga, mto unashuka karibu mita 100 ndani ya mwendo mfupi. Wataalamu wanakadiria pangeweza kutoka megawati 40,000. Mitambo miwili iliyopo, ya mwaka 1972 na 1982, ilijengwa kwa uwezo wa megawati 1,775 tu. Kwenye Rufiji, bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115 mahali mto unapobanwa kwenye korongo kabla ya kufika tambarare ya pwani, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka Kilombero. Kwa hiyo anayekata msitu au kukausha ardhi oevu ya Kilombero anagusa taa ya Kariakoo.

Maji pia si dhamana ya kudumu. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la Kariba kiasi kwamba Wazambia walikaa gizani saa nyingi kila siku, na migodi ya shaba ikahangaika kutafuta umeme nje.

Shaba ya Katanga: mali moja, njia nne

Ukitaka kuona hoja ya sura hii yote mahali pamoja, tazama ukanda wa shaba unaoanzia Zambia na kuingia Katanga. Upo karibu na katikati ya bara. Kwenda Bahari ya Hindi ni mbali, kwenda Atlantiki ni mbali.

Watu wa huko waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mzungu, wakaisubu kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi kutoka Tanzania ya leo waliifuata. Mmoja wao, Msiri, alijenga himaya yake Bunkeya na kuutawala utajiri huo hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Biashara ile ilikuwa ya mabegani, kwa miguu, miezi kadhaa hadi pwani.

Mkoloni alitaka tani, si mizigo ya mabegani. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikaja njia ya ndani ya Kongo, ya treni hadi Ilebo, mashua hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaiunganisha Katanga na Lobito.

Kisha siasa ikaonyesha jinsi nchi ya bara inavyoweza kukabwa. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na njia ya kusini ya Zambia ikawa mashakani. Mwaka 1973 mpaka ukafungwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga Benguela. Mwalimu Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia walikuwa wameliona hilo mapema. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola, na kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako, na bila shaka umeshajua kwa nini: hapo reli inapanda ukingo, kwa mahandaki na madaraja mfululizo.

Mimi naihesabu TAZARA kuwa miongoni mwa maamuzi makubwa ya kijiografia yaliyowahi kufanywa na Waafrika wenyewe. Inasikitisha kwamba tuliiacha ichoke. Shaba nyingi sasa inapita barabarani, mabamba bapa yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma juu ya malori, yakipanga foleni Tunduma na kushuka Kitonga gia ya chini.

Kobalti, inayochimbwa pamoja na shaba hiyo na kuhitajiwa kwenye betri za simu na magari ya umeme, inatia uchungu zaidi. Zaidi ya asilimia 70 ya ile inayozalishwa duniani hutoka Kongo. Lakini nyingi huondoka ikiwa unga usiokamilika, na usafishaji wa mwisho hufanyika China. Kusafisha kunahitaji umeme mwingi na wa uhakika, na Inga iko nchi hiyo hiyo, maji yakiporomoka usiku na mchana.

Maswali ya kuuliza mgodi mpya unapotangazwa

Tangazo la ugunduzi huja na tani na mabilioni. Tani hizo zisikutoshe. Uliza:

1. Mali itapita wapi kufika sokoni, na nani anamiliki njia hiyo?
2. Umeme wa kuisindika utatoka chanzo gani, na ukame ukija?
3. Itaondoka ikiwa katika hali gani? Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga uliosagwa na kuchujwa ambao bado una dhahabu, shaba na fedha ndani yake. Swali la nani anapima kilichomo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.
4. Njia ikijengwa, itabeba na mahindi, mbao na abiria, au madini peke yake?

Usidhani mali iliyo jirani na bahari haihitaji maswali haya. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Ilikaa miaka 30 chini ya ardhi ikisubiri bomba na mtambo.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, na ripoti za malipo ya migodi zinatolewa kwa umma. Zisome. Mbunge wako akija kijijini kuzungumzia madini, beba ramani ya mwinuko pamoja na ramani ya madini, mwekee zote mbili mezani, na umwombe ajibu maswali yote manne.